Waya ndani ya sikio: kutoka Paris mpaka Kibiti

Najua nimepotea, wiki tatu hapa kimya. Ilikuwa msimu wa test, halafu bumu likachelewa, na si mnajua tena, mwenye njaa haandiki. Leo sina stori za foleni ya kantini wala za maji kukatika hosteli. Leo ni historia, tena ndefu. Anayeona uvivu aruke, ila namwonya kabisa kwamba atakosa konokono wa baharini na Mfaransa aliyekataa hela.

Ilivyoanza ni hivi. Muhula huu tuna kozi ya historia ya tiba, na mwalimu katupa kazi: kila mtu achague chombo kimoja cha hospitali, akifuatilie toka kilikozaliwa mpaka kilivyotufikia sisi. Darasa zima likakimbilia chanjo na sindano. Mimi nikachukua kile kifaa cha usikivu kinachopandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji, kile ambacho magazeti yetu yalikiandika sana Juni 2017 Muhimbili ilipoanza kuwapandikiza watoto wake wa kwanza. Wenzangu wakaniuliza, wewe mtu wa Rufiji na hayo mambo wapi na wapi? Sababu ninayo, ni ya nyumbani, nitaifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu sikio. Sauti ikiingia inagonga kiwambo, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo, na vifupa vinasukuma maji yaliyomo kwenye kijumba kilichojikunja kama konokono, wataalamu wanakiita koklea. Humo ndani kuna seli zenye vinyweleo, kama 3,500 zile zinazofanya kazi hasa ya kusikiliza. Zikitikiswa zinazaa umeme kidogo, na umeme huo unapita kwenye nyuzi kama 30,000 za mshipa wa fahamu kwenda kwenye ubongo. Tena kuna mpangilio: mwanzoni mwa konokono zinapokelewa sauti nyembamba, ndani kabisa kwenye ncha zinapokelewa sauti nzito. Ni kama kinanda kilichokunjwa.

Kwa viziwi wengi kilichokufa ni zile seli tu. Mshipa upo, ubongo upo. Nyumba ina watu ila bawabu amefariki, ukigonga mlango hakuna wa kupeleka habari ndani. Ndiyo maana kile kifaa cha kawaida cha kuvaa nyuma ya sikio, ambacho kazi yake ni kukuza sauti, kwa mtu wa namna hii hakifui dafu. Unazidi kugonga tu. Kifaa cha kupandikiza kinamruka bawabu na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko nilivyodhani. Alessandro Volta, yule Mtaliano aliyetengeneza betri ya kwanza, alijichomeka vyuma viwili masikioni akaviunganisha na betri yake. Katika barua aliyowaandikia wanasayansi wa London mwaka 1800 alieleza kwamba alihisi kama kapigwa kichwani, kisha akasikia kitu kama uji mzito unaotokota. Hakurudia. Mimi namwelewa kabisa.

Halafu ikapita miaka 157 hivi. Februari 25, 1957, mjini Paris, daktari wa masikio Charles Eyriès alikuwa anampasua mgonjwa aliyeharibika masikio yote mawili, na mwenzake André Djourno akampa kikoili alichokitengeneza mwenyewe wakiweke karibu na mshipa wa kusikia. Mgonjwa akasikia! Si maneno, la. Alisema anasikia kama nyenje. Kwa mazoezi akaweza kutofautisha sauti mbili tatu. Kisha waya ukakatika, wakaweka mwingine, nao ukaharibika, Eyriès akagoma kurudia mara ya tatu na marafiki wakafarakana. Djourno ndiye huyo Mfaransa wangu: hakutaka kabisa kifaa chake kigeuzwe mali ya kampuni. Kwa hiyo ugunduzi ukabaki kwenye jarida la Kifaransa, ukalala.

Uliamshwa na mgonjwa. Mtu mmoja Los Angeles alimpelekea daktari wake, William House, habari ya gazeti kuhusu wale Wafaransa. Mwaka 1961 House na John Doyle wakajaribu. Waya wao ulikuwa mmoja tu, mgonjwa anapata mdundo wa maneno, anajua huyu anaongea na huyu kanyamaza, anajua mlango umegongwa, na inamsaidia kusoma midomo. Wanasayansi wengi wa masikio wakamcheka House. Walikuwa na hoja: nyuzi 30,000 utazidanganyaje kwa waya mmoja? Hata hivyo kifaa chake ndicho kilichopata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 1984.

Sasa nifike kwa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, ambaye katika wote hawa ndiye ninayempenda. Baba yake alikuwa na duka la dawa na alikuwa hasikii vizuri. Mtoto kakua anamwona mzee anawaomba wateja wapaze sauti kutaja shida zao mbele za watu (fikiria mtu kaja kununua dawa ya siri). Clark akataka kifaa chenye waya nyingi, kila mmoja ufike sehemu yake ya konokono, nyembamba huku, nzito kule. Shida ikawa: utaingizaje kamba ya waya kwenye kijumba kilichojipinda mara mbili na nusu bila kukipasua?

Jibu alilipata likizo, mwaka 1977, ufukweni mahali panaitwa Minnamurra. Aliokota kombe la konokono wa baharini, akachuma majani ya nyasi, akakaa mchangani anayasukuma ndani. Jani laini lote linakunjamana. Jani gumu lote linakwama. Lile lililo laini kwenye ncha na gumu nyuma likateleza likazunguka mpaka ndani! Mtoto yeyote wa delta aliyewahi kumchokonoa kaa kwenye tundu lake, au kumtoa konokono kwenye nyumba yake kwa kijiti cha mkoko, anaijua fizikia hiyo. Hatukujua tu kwamba ina soko.

Agosti 1, 1978 Clark akampandikiza Rod Saunders, aliyepoteza usikivu katika ajali ya gari. Walipowasha na kumpigia wimbo wa taifa, jamaa akasimama wima kwa heshima. Huko Vienna, Ingeborg na Erwin Hochmair walikuwa wameshapandikiza kifaa chao Desemba 1977. Na mwaka 1991 Mmarekani Blake Wilson na wenzake wakaonyesha namna mpya ya kuzigawa sauti kwa zamu, waya zisiingiliane, na hapo watu wengi wakaanza kuelewa maneno bila kusoma midomo, hata kuongea kwa simu. Clark, Ingeborg Hochmair na Wilson wakapewa tuzo ya Lasker mwaka 2013. Kufikia mwishoni mwa 2019 vifaa vilivyosajiliwa duniani vilikuwa takriban 736,900.

Hesabu inayonishangaza mpaka leo ni hii: hata kifaa kizuri cha kisasa kina sehemu za kutolea umeme ishirini na kidogo tu. Ishirini na kidogo, badala ya seli 3,500. Sauti inayofika ni kama picha iliyokwanguliwa ikabaki michoro michache. Mdundo unapita vizuri, kwa hiyo ngoma utaicheza bila taabu, ila kupanda na kushuka kwa wimbo kunapotea sana. (Kiswahili chetu kina bahati, neno halibadiliki maana kwa kupandisha sauti. Mchina mwenye kifaa hiki ana kazi zaidi.) Sasa kama kinachoingia ni hafifu hivyo, anayesikia ni nani? Ni ubongo. Ubongo ndio unaochukua mabaki yale na kuyashona kuwa neno. Na ndiyo maana historia hii kuanzia miaka ya 1990 inahama kutoka kwa mafundi wa waya kwenda kwa watafiti wa ubongo, na hapo ndipo iliponinasa.

Anu Sharma na wenzake Marekani walitoa matokeo yao mwaka 2002. Walipima watoto 104 waliozaliwa viziwi wakapandikizwa, wakiwawekea waya juu ya kichwa kuona ubongo unachukua muda gani kuitikia sauti. Waliopandikizwa kabla ya miaka 3 na nusu, ubongo wao baada ya miezi kadhaa tu ukawa unaitikia kama wa watoto wengine. Waliopandikizwa baada ya miaka 7, wengi wao haukuwahi kufika hapo, hata miaka ilipopita. Katikati ni bahati nasibu. Maana yake lile eneo la ubongo la kusikia halikai likisubiri wageni milele, likiona kimya linaanza kupangishwa kwa shughuli nyingine.

David Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana alikwenda upande mwingine, kumbukumbu. Yeye na wenzake waliwapa watoto 176 wa miaka 8 na 9 wenye vifaa hivi mchezo rahisi: nakutajia tarakimu, nirudishie. Tatu, nane, tano... Wakakuta watoto hawa wanashika tarakimu chache kuliko wenzao wanaosikia, na walioshika nyingi ndio wale wanaotamka haraka. Inaonekana kumbukumbu ya muda mfupi ni kama mtu anayejisemea moyoni. Kama kujisemea kunachelewa, vitu vinadondoka. Kwa miaka mingi ikachukuliwa hivi: kutosikia kunaharibu uwezo wa kupanga mambo, kushika maagizo, kujizuia. Kwa hiyo haraka, mpe sauti, na kila kitu kingine kisubiri.

Ngojeni kidogo. Mwaka 2017, Matthew Hall na wenzake wakauliza swali ambalo kwangu lilitakiwa kuulizwa mapema: je, tatizo ni kukosa sauti au kukosa lugha? Maana kuna viziwi wasiosikia kitu chochote, lakini wamezaliwa na wazazi viziwi na wamenyonya lugha ya alama toka siku ya kwanza. Wakawalinganisha hao na watoto wanaosikia na watoto wenye vifaa, kwa maswali waliyowajibia wazazi kuhusu tabia za kila siku. Watoto wa lugha ya alama wakawa sawa na wanaosikia. Waliokuwa na matatizo zaidi ni wenye vifaa, ambao kwa kawaida walikaa miaka ya mwanzo bila lugha yoyote inayowafikia, wakisubiri upasuaji. Mjadala haujaisha, wapo wanaobisha kwamba maswali kwa wazazi hayatoshi. Mimi nimeshachagua upande, na sababu yake iko nyumbani.

Haya, sasa Rufiji. Ukiingia maktaba yoyote ukatafuta "delta ya Rufiji" utaletewa meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mito yetu ikazamishwa Julai 1915. Vitabu kwa vitabu. Watu waliokuwa wanalima mpunga na kukata mikoko pale mizinga ilipokuwa inalia, mstari mmoja. Leo meli hapana, naomba radhi kwa wapenzi wake.

Kwetu ni ndani, upande wa delta uliobaki Kibiti wilaya zilipogawanywa miaka ya 2010. Ili kutoka unasubiri maji yajae, boti mpaka Nyamisati, gari mpaka Bungu barabara kuu, halafu ndiyo Dar, kilomita mia na kitu. Maji yakiwa yamekupwa unakaa. Mgonjwa naye anakaa.

Mtoto wa binamu yangu aliugua akiwa na mwaka na miezi minane. Homa kali, shingo ikakakamaa, degedege. Wakamwahisha, akalazwa, akatibiwa, akapona. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alirudi kisiwani anatembea kwa kuyumba na kila mtu akashukuru Mungu. Alikuwa anasema maneno kama kumi, "mama", "maji", "boti". Maneno yakaanza kupungua moja moja. Wengine wakasema kadekezwa, wengine kapitiwa na kitu. Mpaka siku alipokuwa amekaa chini ya dungu shambani, watu wanapiga debe kufukuza ndege wa mpunga, kelele mpaka ng'ambo ya mto, yeye anachezea udongo hata hakugeuka. Bibi akasema, huyu hasikii. Alikuwa anakaribia miaka 3. Anayejua delta ataelewa hofu ya mama yake, maana kule mtu hujua kiboko yuko karibu kwa kumsikia.

Nilipokuwa nasoma nikakutana na jambo la wilaya yetu ambalo sikuwahi kuliunganisha na masikio. Rufiji ni jina kubwa katika vitabu vya afya ya jamii. Toka 1998 watafiti walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kila miezi minne kwenye vijiji vya nchi kavu, pamoja na Kibiti, Bungu na Ikwiriri, wanaandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Wilaya ikapangiwa bajeti ya afya kulingana na magonjwa yanayoua kweli, na katika muda wa miaka kama mitano mwanzoni mwa miaka ya 2000 vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Ni jambo kubwa mno, bila hilo huenda nusu ya rika langu tusingekuwepo. Ila daftari la kuzaliwa na kufa lina safu mbili. Aliyepona na kurudi nyumbani bila masikio anaandikwa kuwa mzima.

Na kuna njia nyingi za kurudi bila masikio. Homa ya uti wa mgongo, surua, rubela mama akiwa mjamzito, malaria ya kichwa. Dawa nazo zimo: kwinini tunayoijua sisi watu wa pwani inavumisha masikio, ingawa mara nyingi yanarudi, lakini sindano za jamii ya gentamaisini na streptomaisini zinaweza kuziua zile seli moja kwa moja. Chanjo zimeziba baadhi ya matundu, ile ya surua-rubela iliingia nchini 2014. Kwa aliyekwishapata uti wa mgongo kuna saa nyingine inayogonga: konokono wa sikio anaweza kuanza kujaa mfupa ndani, na ukijaa, ule waya wa Clark hauna pa kupita. Kwa hiyo mtoto huyu ana saa mbili, ya mfupa na ya ubongo, na tayari ana miaka 4 na nusu.

Binamu alifika naye Dar mara mbili. Katika hizo safari kuna mahali (sipataji) aliambiwa kwamba wakati wanasubiri vipimo na kutafuta pesa, asithubutu kumfundisha mtoto ishara, atakuwa mvivu wa kuongea. Binamu akarudi kisiwani akakataza nyumba nzima isimpungie mtoto mikono. Shangazi akanipigia simu usiku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe si unasoma mambo haya? Hebu niambie. Mtoto anataka maji ananivuta kanga, nisimjibu kwa mkono? Nimjibu kwa nini sasa, na masikio hana?"

"Mjibu shangazi. Mjibu kwa mkono."

"Na hicho kidude chao kikija?"

"Kikija kitamkuta anajua kuna kitu kinaitwa jina."

Sikujibu kwa huruma tu. Hofu ile ya ishara ina historia ndefu, na nchini kwetu pia ipo. Shule yetu ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa na Kanisa Katoliki Tabora mwaka 1963, Buguruni hapa Dar ikafuata 1974, na mkazo ulikuwa kuwafundisha watoto kutamka na kusoma midomo. Mikono chini. Lakini watoto wakikaa pamoja hawakai kimya, wakajitengenezea ishara zao, shule hii hivi, shule ile vile, na kutoka huko ikakua Lugha ya Alama ya Tanzania. Mwaka 2004 Henry Muzale wa chuo kikuu hapa Mlimani akatoa kamusi yake. Nilipoifungua maktaba nilijisikia vizuri sana, jamani. Kumbe kitu kilichokatazwa darasani miaka ile leo kina kamusi!

Ugomvi kama huo Marekani ulikuwa wa wazi zaidi. Kifaa kiliporuhusiwa kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka 1990, chama cha taifa cha viziwi cha huko kikatoa tamko 1991 kupinga vikali. Walisema watoto wanapasuliwa bila ridhaa yao ili wafanane na wengine. Mwaka 2000 wakalegeza, wakasema ni chaguo moja kati ya mengi, mradi mtoto apate lugha mapema. Nikisoma tamko la kwanza nawaona ni wakali kupita kiasi. Naamini mtoto wa delta anastahili kumsikia kiboko. Lakini sharti lao la lugha mapema limekuja kupata nguvu kutoka maabara, miaka kumi na saba baadaye, kwenye ule utafiti wa Hall.

Na kisiwani tulikuwa na ushahidi wetu bila maabara. Kuna mzee mmoja mvuvi, kiziwi toka utotoni, hajasoma shule. Ana ishara ya kamba, ya kaa, ya jodari, ya bei, ya maji ya bamvua na maji mafu, ya mtu asiyelipa deni. Wavuvi wenzake wote wanazijua. Kwenye mtumbwi usiku wanatumia tochi. Hakuna mtu anayethubutu kumpunja hesabu. Si Lugha ya Alama ya Tanzania, viziwi wa Buguruni wasingeielewa, na nina hakika angeweza kufika mbali zaidi angeipata lugha kamili akiwa mdogo. Lakini kichwa chake kilipata cha kushika mapema, kwa mikono ya watu waliomzunguka.

Msidhani mambo haya ni ya watoto peke yao. Frank Lin wa Johns Hopkins alionyesha mwaka 2011 kwamba wazee waliopoteza usikivu kidogo walipata ugonjwa wa kusahau mara 2 zaidi ya wenzao, wa kati mara 3, waliopoteza sana mara 5. Ufaransa mwaka 2015 walifuatilia wazee 94 wa miaka 65 hadi 85 waliopandikizwa, na wengi wa waliokuwa wamefanya vibaya kwenye majaribio ya akili walipanda baada ya mwaka. Hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mimi sipigi vigelegele bado. Na jaribio kubwa la Marekani lililotolewa 2023, la watu 977 waliopewa vifaa vya kawaida vya kukuza sauti, kwa jumla halikuona tofauti, isipokuwa kwa waliokuwa kwenye hatari zaidi tangu mwanzo, ambao kushuka kwao kulipungua karibu nusu. Kwetu mzee akianza kutosikia tunasema uzee, tunaacha kumwongelesha. Tukiacha kumwongelesha anaanza kupotea. Nani alianza kumpoteza mwenzake?

Turudi kwa mtoto, maana shangazi atasoma hii (mjukuu wake mkubwa humsomea kwenye simu). Tuseme vipimo vimekubali na pesa imepatikana, ambayo ni makumi ya mamilioni, ingawa toka 2017 ni nafuu kuliko enzi zile ambapo ilikuwa lazima watoto wapelekwe India. Upasuaji si mwisho. Siku ile hasikii kitu, kidonda kinaachwa kipone wiki kadhaa ndipo kifaa kiwashwe. Kikiwashwa anaweza kulia, maana ni kelele tupu. Kisha anarudi tena na tena kurekebishiwa nguvu ya umeme kwenye kila sehemu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kusema hapa imezidi hapa imepungua. Halafu mazoezi ya kusikiliza na kutamka, mwaka, miaka. Kila rudi moja ni boti, gari, nauli, pa kulala mjini. Sehemu ya nje inakula betri kila siku, na haipendi jasho wala chumvi, vitu ambavyo delta imejaaliwa. Umeme wa kuchajia si tatizo sana, sola siku hizi zipo karibu kila nyumba. Tatizo ni kikiharibika katikati ya masika. Kifaa kinachokaa sandukuni miezi mitatu ni miezi mitatu ya kimya kwa ubongo ambao umeambiwa uanze kushona.

Kwa hiyo nimemwandikia binamu mambo matatu ya kuuliza safari ijayo: konokono wa mtoto umeanza kujaa mfupa au bado, sehemu ya nje ikiharibika nani anaitengeneza na kwa bei gani, na mazoezi yanaweza kufanywa Kibiti mjini au lazima Dar. Mwenyewe kaongeza la nne, kama kuna mtu wa kumfundisha yeye mama lugha ya alama, maana amesema amechoka kukataza.

Likizo ndefu nikirudi nyumbani nataka nikae na yule mzee mvuvi na daftari na simu ya kurekodi, niandike ishara zake zote kabla hazijapotea. Nyamisati nimesikia kuna wengine wawili. Kama kuna mdau anayewajua viziwi wa zamani upande wa Mbwera au Salale, aniachie ujumbe hapa chini. Saa mbili nina lekcha, na godoro la mwenzangu wa chumbani tayari linakoroma.